Usitupe plagi kuukuu kabla hujaisoma

Pikipiki inakorofisha kuwaka. Fundi anafungua plagi, ile inayopiga cheche ndani ya silinda, anaitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu, anafunga mpya, pikipiki inawaka, mteja analipa anaondoka. Baada ya muda karudi, na ile mpya nayo imeshakuwa nyeusi. Mara nyingi plagi haina kosa, imekuja na habari tu kutoka ndani ya silinda, na ni habari unayoipata bila ya kufungua hedi, kifuniko cha juu cha silinda.

Haya ni kwa pikipiki, vespa, mashine za boti na magari madogo ya petroli, yaani kazi zinazotufikia kila siku hapa Wete, Pemba. Dizeli haimo.

Hatua ya 1: Zima injini inavyotakiwa

Hapa ndipo usomaji mwingi unapoharibika. Ukiiacha injini ingurume kwenye sailensi, yaani polepole bila ya kuvuta mafuta, kisha ukafungua plagi, utakachosoma ni hali ya sailensi, si hali ya kazi. Itakuwa na masizi hata kama injini ni nzima.

Pikipiki itoe njiani, pahali pasipo na magari, iendeshe mpaka ipate moto. Panda nayo kilima ukiwa umevuta mafuta. Pemba vilima havitafutwi. Kisha kwa pamoja kamata klachi na bonyeza kitufe cha kuzimia kwenye mkono, iache iserereke mpaka isimame. Usizime kwa ufunguo, usije ukafunga usukani.

Boti nayo ni vivyo hivyo: iende na mzigo wake, halafu ivute kamba ya kuzimia. Fanya penye maji tulivu, mbali na miamba, na nanga iwe tayari.

Injini isiyowaka kabisa utaisoma ilivyo, lakini kumbuka kwamba kiki nyingi peke yake zinatosha kulowesha plagi.

Hatua ya 2: Fungua kwa adabu

Ngoja ipoe. Hedi ya aluminiamu ikiwa moto, nyuzi hutoka pamoja na plagi. Puliza udongo ulioko pembeni kwanza, maana ukishafungua, mchanga wote unaelekea kwenye silinda. Ng'oa kofia ya waya inayovaa juu ya plagi kwa kushika kofia yenyewe, si waya.

Ikiwa plagi ni zaidi ya moja, zipange juu ya kipande cha boksi kwa namba za silinda. Suzuki Carry ya silinda tatu yenye plagi mbili safi na moja chafu inakwambia tatizo ni la silinda moja. Zote tatu zikiwa chafu, tazama kinachozihudumia zote, yaani kabureta na kichujio cha hewa. Ukizichanganya mfukoni, umepoteza nusu ya jibu.

Hatua ya 3: Soma namba kabla ya rangi

Plagi isiyo yake hutoa rangi ya uongo. Chukua B7HS ya kampuni ya NGK, inayoonekana sana kwenye mashine za boti za Yamaha. B ni nyuzi za milimita 14. Namba 7 ni kiwango cha joto: kwa NGK, namba ikipanda plagi ni baridi zaidi, yaani inatoa joto lake haraka. Bosch ni kinyume, namba kubwa ndiyo ya moto. Waliochanganya hayo mawili wametoboa pistoni. H ni urefu wa nyuzi, milimita 12.7, ikiwa E, ni milimita 19, na ukiifunga pahala pa H, pistoni inaweza kuja kuigonga. Mwishoni ukiona -10, mwanya wake, yaani nafasi inayorukwa na cheche, ni milimita 1.0.

Hatua ya 4: Sasa tazama uso wake

Simama kwenye mwanga, au tumia tochi, na uangalie kauri inayozunguka ncha ya kati mpaka chini kabisa inapoingia kwenye chuma. Huko chini ndiko rangi ya mchanganyiko wa hewa na petroli inakojificha. Ncha peke yake hudanganya.

*Kahawia hafifu au kijivu, kavu.* Nzima. Wazee wetu walifundishwa kutafuta kahawia iliyoiva, lakini hiyo ilikuwa enzi ya petroli yenye risasi, ambayo Afrika kusini mwa Sahara iliondolewa kufikia mwanzoni mwa 2006. Siku hizi plagi nzima inaweza kuwa nyeupe iliyofifia, usiikimbilie kwa bisibisi ya kabureta.

*Nyeusi kavu, masizi yanayoshika kidole.* Mchanganyiko mzito, petroli imezidi hewa. Anza na kichujio cha hewa, kisha choki (kizibo cha hewa cha kuwashia) iliyonasa, kisha boya la kabureta. Cheche dhaifu nayo huleta masizi hayohayo.

*Imelowa na inanuka petroli.* Mafuta yanafika, cheche haipo, au choki imezidi. Iache hewani: petroli itakauka yenyewe. Ikibaki na utelezi, ile ni oili.

*Nyeusi, imelowa oili.* Hapa tulia, kwani dawa zake hazifanani. Kwa injini ya stroki nne, oili imepita kwenye ringi za pistoni au imeteremka kwenye sili za valvu. Pima mgandamizo, andika, kisha tia kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la plagi na upime tena. Ukipanda sana, ringi zimechoka. Usipopanda, rudi kwenye valvu. Moshi wa buluu unaotoka hasa asubuhi unapowasha, kisha ukakatika, huwa unaelekeza kwenye sili za valvu.

Kwa stroki mbili, kwanza muulize mwenyewe anachanganya vipi oili na petroli. Vespa nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asilimia 5 ya oili, za baadaye asilimia 2. Anayeitilia ya asilimia 2 kipimo cha babu yake atalalamika plagi maisha yake yote. Ikiwa kipimo ni sawa na moshi haukatiki, angalia oili ya giaboksi: ikipungua bila ya kuvuja chini, sili ya krenki upande wa klachi inainyonya.

*Nyeupe pe, kauri ina malengelenge.* Hii ndiyo inayonitia hofu. Injini inakosa petroli au inachemka. Tafuta hewa inayoingia kati ya kabureta na injini, jeti (kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli) iliyoziba, au taimingi, yaani wakati wa cheche, iliyotangulia mno. Kwa boti, tazama kama maji ya kupozea yanatoka kwa nguvu. Mpira wa pampu ya maji ukiliwa na mchanga, plagi hukupa habari kabla ya pistoni. Na ukiona vitone vidogo vinavyong'aa, vya rangi ya fedha, vimeganda kwenye kauri, ni aluminiamu ya pistoni. Usiwashe tena hata kwa kujaribu. Fungua hedi.

*Safi mno, imeoshwa, na wenzake si hivyo.* Maji yameingia silinda ile, mara nyingi kwa gasketi ya hedi. Mashine ya boti huongeza kutu na chumvi nyeupe.

*Kauri imepasuka.* Injini inagonga, na petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni sababu mojawapo. Au mtu alirekebisha mwanya kwa kupiga nyundo.

Hatua ya 5: Geuza, tazama nje

Duara la kahawia juu ya chuma, kwenye kauri ya nje, ni la kawaida. Mstari mwembamba mweusi unaoteremka kutoka juu mpaka kwenye chuma ni njia ya umeme: cheche inatorokea nje. Kwa hewa yetu ya chumvi na mvua za masika, kagua kofia. Ukiona ukungu wa kijani ndani yake, kata kipande cha waya au ibadilishe.

Hatua ya 6: Kurudisha

Ikiwa ncha ya kati imeviringika na mwanya umepanuka, plagi imemaliza kazi yake, nunua nyingine. Ikiwa bado, isafishe kwa petroli na brashi laini. Brashi ya waya huacha chembe za chuma kwenye kauri na cheche itapita humo.

Unapopima cheche, iweke plagi mbali na tundu lake, isiwashe mvuke wa petroli. Kufunga, anza kwa vidole mpaka ikae. Mpya ya nyuzi za milimita 14, yenye washa, ongeza nusu mzunguko hadi theluthi mbili kwa spana; iliyokwishatumika inataka kidogo sana, kama sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko, kwa sababu washa imeshabanwa.

Ukisharekebisha tatizo, iendeshe, kisha izime kama hatua ya 1 na uifungue tena. Masizi yakirudi ilhali kichujio, choki na boya umeshavikagua, fungua jeti uangalie namba yake. Kabureta nyingi zinauzwa na jeti isiyolingana na injini.