Kuhamisha mchoro wenye xref kutoka AutoCAD kwenda Revit bila gridi kupotea

Juzi usiku nilikaa na mhandisi kijana tunayefanya naye kazi ya ghorofa huku Iyumbu, Dodoma. "Kaka, mchoro umefunguka, nguzo naziona, lakini gridi haipo kabisa." Kwa msanifu aliyemtumia, kwenye AutoCAD, gridi (mistari ya kupangia nguzo) ilikuwepo. Kwenye Revit, programu ya kuchorea jengo kwa 3D, haikuwepo, na hakuna ujumbe wowote wa kosa uliotokea. Tatizo hilohilo liliwahi kunikesha mpaka adhana ya alfajiri, ndiyo maana naandika.

Hatua ya 1: Pata faili zote

Ukitumiwa DWG (faili ya mchoro wa AutoCAD) moja kwa WhatsApp, usianze kazi. Mchoro mkuu hauibebi xref, yaani mchoro mwingine unaouita, ndani yake. Unabeba anwani tu, kwa mfano D:\KAZI\IYUMBU\gridi.dwg, na kompyuta yako haina folda hiyo. Mwombe aliyekutumia aandike ETRANSMIT (amri ya AutoCAD inayokusanya mchoro na faili zake zote), aweke tiki kwenye fonti, akutumie zip nzima. Kuokoteza faili moja moja kwa mkono sikushauri hata siku moja, lazima moja isahaulike.

Hatua ya 2: Kagua

Tengeneza nakala ya folda nzima, ufanyie kazi kwenye nakala. Fungua mchoro mkuu kwa AutoCAD, andika XREF. Kila jina lisomeke Loaded. Likisomeka Not Found, lielekeze kwenye faili yake, kisha weka njia iwe Relative, yaani anwani ihesabiwe kuanzia folda ya mchoro mkuu.

Hatua ya 3: Badilisha Overlay kuwa Attach

Hapa ndipo gridi inapopotelea, kwa hiyo nenda polepole.

Xref huwekwa kwa namna mbili. Ya Attach husafiri na mchoro: ukiuingiza mchoro huo mahali pengine, nayo inafuata. Ya Overlay huonekana ukiwa umeufungua mchoro wenyewe tu. Revit ikiupokea mchoro mkuu, za Attach inazionyesha, za Overlay inaziacha kimyakimya. Msanifu hakukosea chochote. Overlay ni chaguo zuri ofisini, maana inazuia mchoro mmoja kuingia mara mbili, na inaepusha tatizo la mzunguko pale A inapoiita B huku B nayo ikiiita A.

Kwenye orodha ya XREF, bofya jina, angalia chini palipoandikwa Type. Kwa yule kijana, nguzo ilikuwa Attach, gridi ilikuwa Overlay. Tukabadilisha, tukahifadhi, tukarudi Revit, mistari ikatokea.

Ila mambo hayaishi hapo. Huenda gridi haikuwekwa kwenye mchoro mkuu kabisa, imewekwa Overlay ndani ya nguzo.dwg. Hapo kwenye mchoro mkuu huioni hata jina. Fungua nguzo.dwg yenyewe, badilisha humo, hifadhi, rudi. Kagua kila faili hivyo. AutoCAD ikilalamika kwamba michoro inaitana kwa mzunguko, rudisha mmoja kuwa Overlay, kisha uuingize Revit peke yake.

Wapo wanaopenda BIND, yaani kuyeyusha xref zote ziwe sehemu ya mchoro mkuu. Mimi naitumia kwa mchoro wa mwisho tu, ambao msanifu hataugusa tena. Xref isiyopatikana haikubali BIND, kwa hiyo Hatua ya 2 haikwepeki. Ukiulizwa Bind au Insert, chagua Bind: leya (tabaka la mchoro) ya gridi|MISTARI itakuwa gridi$0$MISTARI. Jina baya, lakini unajua leya imetoka wapi. Insert huchanganya leya zenye majina sawa, na rangi inayobaki ni ya mchoro mkuu.

Hatua ya 4: Mtenge mpima ardhi

Msanifu huchora kwa milimita, mpima kwa mita. Tena mpima wa Dodoma anatumia UTM (mfumo wa kupima mahali kwa mita) kanda ya 36 Kusini, ambako mji wetu uko karibu na 9,317,000 kwenda kaskazini. Revit huanza kuharibu mistari iliyo mbali mno na chimbuko lake (nukta yake ya sifuri), na hiyo ni mbali kweli. Kwenye nakala yako, mwondoe mpima, yaani xref ya mchoro wake, kwa Detach. Faili yake iingize peke yake, kipimo mita, kwa Center to Center, isogeze mpaka ikae sawa na jengo, kisha tumia Acquire Coordinates ili mradi uchukue vipimo vya mpima.

Hatua ya 5: Ingiza

Kwenye Revit ingiza mchoro mkuu kwa Link CAD (unabaki umeunganishwa na faili yake), wala si Import CAD. Kipimo weka mwenyewe, milimita. Mahali: Origin to Internal Origin. Usifanye Explode (kuuvunja mchoro vipande), utajaza mradi mistari na mitindo ya maandishi ambayo utaifuta wiki nzima.

Msanifu akileta toleo jipya, rudia Hatua ya 2 mpaka ya 4, weka faili kwenye folda ileile kwa jina lilelile, kisha nenda Manage Links ubonyeze Reload.