Pima faili kabla ya kumwita fundi

Kama unafanyia kazi nyumbani, na chumba ni kile kile cha kupokea wageni, usiagize kabati moja kubwa la faili. Agiza visanduku vya mraba vinavyopangwa kimoja juu ya kingine. Siku ya kuhama, kabati kubwa hukwama kwenye kona ya ngazi za ploti. Visanduku unashuka navyo kimoja kimoja hadi kwenye pikapu.

Mafundi wa mbao wa Ngong Road, Nairobi, watakutengenezea, ila nenda na vipimo. Karatasi ya A4 ina urefu wa sentimita 29.7, na boksi faili hupita hapo kidogo. Sema nafasi ya ndani iwe sentimita 35 kwenda juu na 35 upana. Ndani, narudia. Mimi nilitaja 35 tu, fundi akapima kwa nje, unene wa mbao ukala juu na chini, na faili zangu zikalala ubavu mwaka mzima.

Atoboe tundu nyuma la kupitisha waya wa kompyuta. Cha chini kabisa kiwekewe miguu, hata ya sentimita 5, maana chipubodi (ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa) ikinywa maji ya deki hufura na hairudi. Vitu vizito viweke chini. Ukipanga zaidi ya vitatu, cha juu kifungwe ukutani kwa skrubu, hasa kama kuna mtoto anayeparamia kila kitu. Kimoja kiache tupu, cha kutupia risiti za wiki.