Jinsi ya kuzuia nguvu isipotelee kwenye rodi unapochoronga mwamba

Juzi nilimsaidia mwenzangu ambaye mashine yake ilikuwa ikianza shimo vizuri, lakini ikifika rodi ya tatu (rodi ni zile fito za chuma zinazoungwa moja baada ya nyingine shimo likirefuka) mwendo unashuka vibaya. Alikuwa ameshapandisha presha ya nyundo mara mbili. Dizeli inaisha, shimo haliendi. Nilimwelewa haraka, kwa sababu tatizo kama hilo liliwahi kunila siku nzima. Haya ndiyo tuliyoyafanya, kwa mpangilio uleule.

Maelezo haya ni ya mashine ambazo nyundo iko juu: pistoni inagonga shanki, kipande cha chuma kinachounga nyundo na rodi, na pigo linapita ndani ya rodi mpaka kwenye biti, kichwa chenye meno kinachovunja mwamba. Kwa nyundo inayoshuka shimoni, nenda hatua ya 6.

Hatua ya 1: Pima kabla hujagusa kitu

Acha kuhesabu lita kwa saa. Mashine inaweza kula dizeli ileile kila saa huku mita zikipungua, na daftari lako likaonyesha kila kitu kiko sawa. Hesabu lita kwa kila mita ya shimo. Kisha shika saa, upime kila rodi peke yake: ya kwanza dakika ngapi, ya pili ngapi, ya tatu ngapi, kwenye mwamba wa aina moja.

Mwaka 1965 mtafiti Teale alieleza kipimo ambacho mpaka leo sijaona cha kukishinda: nguvu inayotumika kuvunja kila ujazo wa mwamba. Chukua biti ya milimita 64. Kila mita ya shimo inatoa karibu lita 3.2 za mwamba. Nyundo ikitoa kilowati 15 na unakwenda mita 1.2 kwa dakika, unatumia kilojuli 750 kwa mita, yaani takriban megajuli 233 kwa kila mita ya ujazo. Mwendo ukishuka hadi mita 0.8 kwa dakika, nyundo na mwamba vikiwa vilevile, hesabu inafika 350. Mwamba haujawa mgumu zaidi. Hiyo ziada imeenda mahali, na mara nyingi imegeuka joto.

Hatua ya 2: Biti

Angalia meno. Jino likiwa na bapa linalofika theluthi moja ya kipenyo chake, linoe. Biti butu hairudishi tu mwendo nyuma, inarudisha na pigo juu kwenye rodi.

Hatua ya 3: Hewa ya kusafisha shimo

Ukiona vumbi laini kama unga badala ya chenga, biti inasaga tena mwamba ulioshavunjika, na nguvu hiyo umeilipia mara mbili. Hewa inapaswa kupanda kati ya rodi na ukuta wa shimo kwa angalau mita 15 kwa sekunde. Mfano: shimo la milimita 89, rodi ya milimita 45, hewa mita za ujazo 6 kwa dakika. Hapo unapata karibu mita 22 kwa sekunde, panatosha. Hewa ikipungua, angalia kwanza tundu la katikati ya rodi kama halijaziba tope.

Hatua ya 4: Viungo

Hapa ndipo nataka usome polepole.

Pigo la pistoni husafiri ndani ya chuma kama wimbi, kwa zaidi ya mita 5,000 kwa sekunde. Rodi ya mita 3.66 linaimaliza kwa chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ndani ya rodi yenyewe halipotezi kitu cha kukusumbua. Shida inaanza kwenye kiungo. Kaplingi, ile bomba fupi yenye nyuzi za skrubu ndani inayounga rodi mbili, ni nene kuliko rodi, na kila mahali unene wa chuma unapobadilika, sehemu ya wimbi inageuka na kurudi ilikotoka. Tena, nyuso za rodi mbili zisipogusana sawasawa ndani ya kaplingi, pigo linalazimika kupitia kwenye nyuzi. Nyuzi zinasuguana, zinapata moto, zinaungua.

Hebu tuseme kila kiungo kinakula asilimia 6. Baada ya viungo vitano, kwenye biti inafika asilimia 73 tu. Ndiyo maana rodi ya kwanza inakwenda vizuri na ya tatu inagoma, na ndiyo maana kupandisha presha ya nyundo hakusaidii: unaongeza moto kwenye kiungo kilekile.

Jinsi ya kukipata kiungo kibaya: choronga shimo kamili, simamisha mashine, hakikisha haiwezi kuzunguka, kisha dondoshea kila kaplingi matone machache ya maji wakati wa kutoa rodi. Usiguse kwa mkono. Viungo vizuri huwa na joto linalolingana. Kimoja kikichemsha maji papo hapo huku vingine vikiwa vuguvugu, umeshakipata.

Siku ile yangu sikufanya hivyo. Nilifungua nyundo, nikabadilisha sili, nikapima gesi ya akumuleta (chombo cha gesi kwenye nyundo), nikamwaga mafuta ya haidroliki. Jioni ndipo nilipopaka wino kwenye uso wa mwisho wa kila rodi, nikakaza, nikafungua. Kwenye rodi karibu zote wino ulihamia upande wa pili kama pete kamili. Moja ilitoa alama ya mwezi mchanga, upande mmoja tu. Uso wake ulikuwa umebonyea kidogo, kiasi ambacho jicho halikukiona. Nilipoitoa hiyo rodi, mwendo ulirudi.

Ukikuta hali hiyo, usiusawazishe uso kwa grenda ya mkono. Hutaupata ulingane na mhimili wa rodi, na utaharibu ugumu uliowekwa kiwandani kwa moto. Kuchomelea rodi iliyopasuka ni kosa kubwa zaidi: itakatika pembeni mwa weldi, ikiwa ndani ya shimo.

Usichanganye pia kaplingi mpya na rodi kuukuu, wala kinyume chake. Uzi uliolika haukai sawa na uzi mpya, na ule mpya ndio utakaoharibika. Ninaweka rodi kwa seti, kila seti na kaplingi zake na rangi yake, na kila zamu nabadilisha mpangilio ili rodi moja isikae juu siku zote.

Grisi ni lazima kila unapounga, lakini futa nyuzi kwanza. Grisi juu ya vumbi la mwamba inakuwa dawa ya kusagia. Natumia grisi ya shaba au ya grafiti iliyotengenezwa kwa nyuzi za rodi; grisi ya bearingi haivumilii mapigo haya.

Kama unanunua seti mpya, nunua rodi za dume-jike, zenye uzi wa nje upande mmoja na wa ndani upande wa pili. Hazina kaplingi, kwa hiyo kila muungano una sehemu moja tu ya nyuzi kuumana badala ya mbili, na shimo linanyooka zaidi. Bei ni kubwa, na uzi mmoja ukiharibika rodi nzima imekwenda. Bado nazichagua kwa shimo lolote linalozidi rodi tatu.

Hatua ya 5: Msukumo na mzunguko

Msukumo mdogo ndio unaolegeza viungo. Biti isipokaa imara kwenye mwamba, wimbi linarudi juu likivuta chuma badala ya kukikandamiza, na kuvuta ndiko kunakokata rodi. Utasikia sauti ya kugongagonga na kaplingi zitachemka zote, si moja. Ongeza msukumo kidogo kidogo mpaka mlio uwe mmoja, mkavu. Geji ya mzunguko ikianza kupanda na kuyumba, umezidisha: rodi inapinda na kusugua ukuta. Rudi nyuma kidogo.

Kupiga nyundo bila biti kugusa mwamba kunaruhusiwa kwa sekunde chache tu, wakati wa kulegeza viungo.

Hatua ya 6: Nyundo ikiwa shimoni

Rodi hapa hazipitishi pigo, zinapitisha hewa, msukumo na mzunguko. Kwa hiyo tafuta hewa inayovuja kwenye viungo, na usitumie rodi yenye tundu jembamba, kwa sababu presha inashuka njiani kabla ya kufika kwenye nyundo.

Kwa mwenzangu, maji yalichemka kwenye kaplingi ya pili. Tulitoa kaplingi na rodi zake zote mbili, tukarudisha presha ya nyundo pale ilipokuwa mwanzo, tukaongeza msukumo kidogo. Rodi ya tatu ilikwenda karibu sawa na ya kwanza. Sasa anaandika dakika za kila rodi kwa chaki kwenye bomba la mashine, shimo kwa shimo.