Rekebisha setingi kwanza ndo uanze kupanga kitabu chako cha picha

Wengi wakishafungua programu ya kutengeneza kitabu cha picha wanakimbilia kumwaga picha tu, baadae ndo kilio. Anza na mipangilio, mara nyingi iko menyu ya juu au kwenye kale kaalama ka gia.

Zima kwanza ile ya kujaza kurasa yenyewe, inapanga inavyotaka na kukata watu vichwa, mi siipendi kabisa. Badili vipimo viwe sentimita kama inchi zinakuchanganya, na iseti ijisevu kila dakika 5.

Sasa hapa ndo penyewe, onyo la ubora wa picha usilizime hata likikukera vipi. Chapa safi inataka pikseli (vile vidoti vinavyounda picha) 300 kwa kila inchi, yaani picha ya kujaza ukurasa wenye upana wa sentimita 30 iwe na pikseli kama 3,540 upande huo, so ile uliyotumiwa kwenye meseji ikabanwa hadi pikseli 1,600 itatoka na ukungu hata kama kwenye skrini inang'aa, we iweke ndogo tu, upana wa sentimita 13 hivi, itakaa poa.

Washa pia mistari ya ukingo. Karatasi hukatwa pembeni, kawaida milimita 3, kwa hiyo picha ya kujaza ukurasa ifike hadi mstari wa nje kabisa, ila nyuso na maandishi viingie ndani. Rangi acha sRGB, ule mfumo wa rangi wa kawaida wa skrini na kamera, labda wachapaji wenyewe wakwambie vingine.