Kabla hujakata tiketi ya India kwa ajili ya CyberKnife, pitia hapa kwanza

Tangu nimpeleke mama India kupigwa mionzi ya roboti simu yangu haipoi, kila wiki kuna mtu kapewa namba na jirani au na mtu wa kanisani na swali ni lile lile, mzee ana uvimbe, tumeambiwa kuna mashine inatoa bila kupasua, tunachanga, tuanzie wapi. Nimeona niandike yote sehemu moja. Mimi sio daktari, mimi ni mtoto niliyekaa na mama kwenye mabenchi ya mapokezi, kwa hiyo mambo ya dozi na uamuzi wa tiba muulize daktari wako, ila njia yenyewe ya kuhangaika naijua.

Jina lisikuchanganye. CyberKnife sio kisu, hakuna kukatwa, hakuna damu wala nusu kaputi. Ni mashine ya mionzi, LINAC, ndugu yake na zile za mionzi ya nje pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, ila hii imefanywa ndogo ikafungwa kwenye mkono wa roboti wa aina ile ya viwanda vya magari, unazunguka mgonjwa akiwa kalala. Aliyeibuni ni John Adler, daktari wa upasuaji wa ubongo wa Stanford kule Marekani, ambaye kabla ya hapo alikaa Sweden kwa Lars Leksell, mzee wa Gamma Knife, mashine nyingine ya mionzi. Gamma Knife kazi yake ni kichwani tu na zamani lazima ufungwe fremu ya chuma kwa skrubu kwenye fuvu, Adler akataka kitu kisicho na fremu na kinachoweza kushuka mpaka kifuani na tumboni. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa 1994, Marekani wakairuhusu kwa kichwa na shingo 1999 na mwili mzima 2001.

Inavyofanya kazi ni hivi, roboti inatuma miale kutoka pembe nyingi, zinaweza kupita mia, kila mwale peke yake ni dhaifu kwa hiyo nyama unapopita haiumii sana, ila yote inakutana kwenye uvimbe na pale ndo dozi inakuwa kali. Wakati huo huo kuna X-ray mbili zinapiga picha kila baada ya muda mfupi, kompyuta inalinganisha na CT ya mpango, yaani ile picha uliyopigwa kabla ili kupangia miale, ukisogea kidogo roboti inajirekebisha, na kama uvimbe uko kwenye pafu au ini ambapo unapanda na kushuka na pumzi, mashine inaifuata pumzi yako. Usahihi wake ni chini ya milimita moja. Kwa sababu hiyo wanaweza kukupa dozi kubwa kwa mara 1 hadi 5 badala ya kwenda kila siku kwa wiki 5 mpaka 8.

Sasa hapa naomba usome taratibu maana ndo pesa za watu zinapopotelea. Hii mashine ni ya uvimbe mdogo wenye mipaka inayoonekana. Meninjioma (uvimbe wa utando unaofunika ubongo), uvimbe wa mshipa wa fahamu wa sikio, saratani chache zilizorukia ubongoni, uvimbe wa uti wa mgongo, saratani ya pafu ikiwa bado ndogo na mgonjwa hawezi kupasuliwa, baadhi ya uvimbe wa ini, tezi dume ambayo haijasambaa. Saratani ya damu haihusiki kabisa. Iliyosambaa kila mahali nayo sanasana watapiga sehemu moja inayouma ili kupunguza maumivu. Na ile inayowasumbua zaidi mama zetu, saratani ya mlango wa kizazi, tiba yake inayojulikana ni mionzi ya nje pamoja na dawa halafu mionzi ya ndani, ile ya kuingiza kifaa, na hiyo mionzi ya ndani CyberKnife haichukui nafasi yake. Kuna familia naijua iliuza kiwanja kumpeleka mama yao nje akatafute roboti, walipofika wakaambiwa anachohitaji ni hicho hicho alichokuwa amepangiwa Ocean Road, na wiki saba zilishapita. Saratani ya mlango wa kizazi haitakiwi kusubiri wiki saba jamani.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa daktari wa mionzi, na nasema daktari wa mionzi sio yule wa zahanati, ni hili: huu uvimbe wa mgonjwa wangu unafaa kwa mionzi ya dozi kubwa mara chache, ndiyo au hapana, na kwa nini. Akisema ndiyo, la pili ni kama lazima iwe CyberKnife. Mara nyingi sio lazima. LINAC ya kisasa ya kawaida yenye vifaa vyake na watu waliofundishwa inafanya kazi hiyo hiyo kwa uvimbe mwingi, na kwa kichwa Gamma Knife ni sawa kabisa. Roboti ni nzuri, mimi ni shahidi, lakini anayekutibu ni daktari na yule mwanafizikia anayekaa kwenye kompyuta kupanga miale.

La tatu, je, lazima kupanda ndege? Nairobi pale hospitali ya rufaa ya Kenyatta University, barabara ya Northern Bypass, CyberKnife ipo, na PET skani ipo, ile ya kuangalia saratani imefika wapi mwilini. Ukiwa Arusha au Moshi unafika kwa basi kupitia Namanga. Huhitaji viza kama uko nchi za Afrika Mashariki, chakula ni kile kile, daktari anaongea lugha unayoielewa, na ndugu anaweza kuja wikiendi kukupokea zamu. Uliza pale kwanza, uliza bei na foleni, ndo uanze kufikiria India. Sisi tulienda India kwa sababu mama alishapasuliwa kule mara ya kwanza na madaktari wale wale ndo walijua walichoacha ndani, kipande kama punje ya harage kimekaa jirani na mshipa wa fahamu wa jicho la kulia.

Makaratasi yaanze mapema, hata kabla ya michango. Ripoti ya kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe kikapimwa, na sio ripoti peke yake, omba maabara wakupe na vile vipande vya nta ambavyo kinyama kimehifadhiwa, pamoja na slaidi, kwa sababu hospitali ya nje inaweza kutaka kupima upya kwa macho yao. Ni haki yako kuviomba, utasaini tu. Vibebe kwenye mkoba wa mkononi, joto kali linaviharibu. Picha za MRI na CT uzitake kwenye CD au flashi zikiwa kwenye mfumo wa DICOM, ule wa picha kamili za hospitali, sio zile filamu nyeusi na sio picha ulizopiga kwa simu. CD yetu tuliitunza vizuri tukafika nayo, ikafunguka ikatoa picha nne tu za JPEG, yaani kama picha za harusi, daktari akaitazama akaifunga. Kabla hujatoka pale ulipopigiwa picha mwambie fundi aifungue mbele yako kwenye kompyuta nyingine. MRI na CT mpya za kupangia mionzi watakupiga tu hata uwe na nini, ila zile za zamani ndo zinaonyesha uvimbe unakua kwa kasi gani. Na kama kuna mionzi yoyote uliwahi kupigwa huko nyuma, hiyo rekodi ya dozi na sehemu ni muhimu kuliko pasipoti, maana mahali palipokwisha kupigwa hapapigwi tena hivi hivi.

Ukishakuwa na faili, tuma hospitali mbili au tatu moja kwa moja. India mashine hizi ziko Chennai, Bengaluru, eneo la Delhi na kwingine, na hospitali kubwa zina dawati la wagonjwa wa nje ya nchi, unatuma kwa baruapepe wanajibu. Kwenye majibu tafuta jina la daktari aliyesoma faili, idadi ya vipindi, na bei iliyochambuliwa: kumuona daktari, MRI na CT za mpango, barakoa ya kushikilia kichwa, kuweka punje za dhahabu za kuonyesha uvimbe ulipo kama zinahitajika, mpango wenyewe, vipindi, dawa. Ukiandikiwa jumla moja tu rudisha uulize. Uliza pia wamewatibu wangapi wenye uvimbe kama huo, na ikitokea wamekuona wakakuta hufai pesa inarudi kiasi gani.

Kuhusu madalali wa matibabu, sisemi wote ni wabaya, wapo waliowasaidia watu kweli, ila wetu alitaka pesa ya hospitali ipitie kwake. Usikubali. Pesa ya tiba inaingia akaunti ya hospitali na unapewa risiti yenye jina la mgonjwa, dalali mlipe kazi yake ya teksi na chumba basi. Na kama unategemea serikali au bima ikulipie, anza na rufaa rasmi kabla hujaondoka. Kenya rufaa ya nje inapita KMPDC, baraza la madaktari, Tanzania inapita kwa jopo la madaktari na wizara, na ukishalipa mwenyewe ukaja kudai baadaye ni shughuli nzito.

Viza ya India ya matibabu inaombwa mtandaoni, hospitali inakupa barua ya mwaliko, mgonjwa anapata e-Medical na wasindikizaji wasiozidi wawili wanapata yao. Hakikisha anwani ya tovuti inaishia gov.in, zile nyingine zinazofanana nayo zinakuchaji mara tatu. Usiende kwa viza ya utalii. Chanjo ya homa ya manjano uchome angalau siku 10 kabla ya safari, kadi yake ya njano uishike mkononi. Nyumba ya kulala wageni inatakiwa kukusajili serikalini ndani ya masaa 24, inayokataa achana nayo. Kama mgonjwa anahitaji oksijeni au hawezi kukaa muda mrefu, shirika la ndege lina fomu ya MEDIF ambayo daktari anaijaza, usiifikirie siku ya safari. Mwenye saratani damu yake huganda kirahisi, muulize daktari kuhusu sindano au soksi za kubana, na ndani ya ndege msimamishe atembee. Halafu kama anatumia dawa kali za maumivu, morfini au hata tramadol, na ndege inapita Dubai, tafuta utaratibu wa kibali kabla, zile nchi za Ghuba hazina mchezo na hizo dawa. Dar kwenda Mumbai kuna ndege ya moja kwa moja, Nairobi pia, kwa mgonjwa mimi ningelipa zaidi kidogo niepuke kuunga.

Panga wiki mbili mpaka tatu hata kama vipindi ni vitano. Wa ini, pafu au tezi dume wengi wanawekewa punje za dhahabu ndogo kama mchele ndani ya uvimbe au pembeni yake ili mashine ione, na zinaachwa kama wiki zitulie ndo CT ipigwe. Wa kichwa anatengenezewa barakoa, plastiki yenye matundu wanailainisha kwenye maji ya moto, wanamlaza, wanaivuta usoni mpaka nyuma ya masikio, inakuwa ya uvuguvugu kama kitambaa cha kukanda, dakika chache ishakauka imeshika sura yake. Na hapa wamama nawaomba, fumueni nywele kabla. Mama alikwenda amesuka twende kilioni, barakoa ikatengenezwa juu ya misuko, siku mbili baadaye kichwa kinawasha akafumua, kuivaa inacheza. Ikabidi itengenezwe nyingine na CT irudiwe, siku tatu zimekwenda. Dawa za kupunguza kuvimba kwa ubongo, kama deksamethasoni, nazo zinafutusha uso, kwa hiyo ukiona mashavu yanajaa waambie mapema.

Kipindi chenyewe ni nusu saa mpaka saa moja na zaidi. Mgonjwa anakuwa peke yake chumbani, wanamuona kwa kamera na kumsikia. Mama aliogopa sana siku ya kwanza, sio maumivu, hakuna maumivu, ni ule mkono unavyomjia usoni halafu unasimama, unanung'unika kidogo, unahamia upande mwingine. Nikawauliza kama naweza kupeleka nyimbo zake za kwaya kwenye flashi, wakaweka. Siku ya pili aliniambia roboti imefika upande wa kushoto wakati wa ubeti wa tatu.

Baada ya hapo uchovu ni kawaida, wa tezi dume anaweza kukojoa kwa kuchoma wiki kadhaa. Wa ubongo, ubongo unaweza kujaa maji na kuvimba wiki au miezi baadaye, kichwa kikianza kuuma sana, kutapika, degedege, kuona vibaya, hospitali siku hiyo hiyo. Na deksamethasoni haikatishwi ghafla, inapunguzwa kidogo kidogo kwa ratiba, omba ratiba iandikwe.

Kabla ya kupanda ndege ya kurudi usiondoke bila ripoti ya dozi, mpango wote kwenye CD, na tarehe za MRI zinazofuata, na daktari wa nyumbani atakayezipokea awe anajulikana kwa jina tangu hujaenda. Waambie na ndugu waliochanga mapema kwamba uvimbe usio saratani kama meninjioma mara nyingi hauondoki, unauliwa nguvu tu usikue, maana shangazi zangu waliposikia MRI ya kwanza kwamba kipande bado kipo walilia wakidhani tumetapeliwa. Kilikuwa na ukubwa ule ule. Mwaka uliofuata kilikuwa hivyo hivyo, na jicho la kulia la mama bado linasoma herufi ndogo za kitabu cha nyimbo.