SOMO: Kitunguu saumu cha kupanda vuli hapa Uingereza

Kila Oktoba swali ni lile lile: "Baridi imeingia, nipande nini?" Naandika mara moja, tuelekezane hapa.

Mchicha na maboga ng'oeni, jalidi ya kwanza itavimaliza. Kitunguu saumu ndicho kinachoitaka baridi hii. Panda Oktoba au Novemba, uvune Juni hadi Julai majani ya chini yakianza kukauka.

1. Tafuta penye jua, pasipopandwa jamii ya vitunguu karibuni.

2. Lima, changanya mboji.

3. Mbegu na maji: someni taratibu. Nunua mbegu dukani kwa wauza mbegu. Aina iitwayo Solent Wight inafaa hapa. Usipande cha supamaketi: kingi kimetoka nchi za joto, na kinaweza kukuletea uozo mweupe, ugonjwa wa kuvu unaokaa ardhini miaka mingi. Halafu tuta. Baridi haikiui kitunguu saumu, maji yaliyotuama ndiyo yanayokiua. Udongo wako ukinata kiganjani, inua tuta shubiri nzima. Punje usiimenye, na usiisukume kwa nguvu kwenye udongo mgumu. Mizizi ikigonga chini itaiinua juu. Chimba kishimo kwanza.

4. Ncha juu, kitako chini, kina sentimita 3 hivi. Punje hadi punje 15, mstari hadi mstari 30.

5. Tandika wavu. Ndege huvuta ncha wakidhani ni minyoo.

MASWALI

– Naweza kupanda cha supamaketi?
Hatua ya 3.

– Lakini mimi nilipanda na kikaota.
Kuota kitaota, kaka. Uozo ukishaingia, shamba ni lako, si langu.

– Dada, kwa nini kinahitaji baridi?
Swali zuri. Bila wiki kadhaa za nyuzi 0 hadi 10 hivi, kichwa kinaweza kukataa kugawanyika. Unavuna kitu kimoja cha duara. Kinalika, ila hukupata punje. Ndiyo maana cha kupandwa masika huwa kidogo.

– Na sukuma, nisie mbegu sasa?
Umechelewa, mwanga hautoshi. Sia Mei. Ila kama unayo tayari bustanini, usiing'oe: jalidi huifanya iwe tamu, maana mmea hugeuza wanga kuwa sukari ili usigande. Funika tu na wavu, njiwa wa Januari hawabakishi jani.

– Punje ndogo ndogo nizitupe?
Hapana, mama. Zibananishe kwenye chungu dirishani mwa jikoni, ukate majani mabichi utie kwenye mayai.