Kisu cha porini kutoka springi ya gari

Tafuta kipande cha springi bapa ya gari, kama sm 20 hivi, kisiwe na ufa, nondo achana nayo haishiki makali. Washa mkaa, feni ipulize, chuma kikiwa rangi ya chungwa ndo upige, kikififia rudisha motoni usikilazimishe kitapasuka. Anza na ncha, alafu sehemu ya mpini, makali mwisho, na ukiyapiga kisu kinajipinda kama ndizi kuelekea mgongoni so kipinde kidogo upande wa pili mapema.

Umbo likikaa pasha mara 3 kipoe chenyewe hewani, piga tupa, makali yaache mazito kidogo.

Sasa kuzamisha, hapa ndo wengi tunalia. Pasha mpaka sumaku ikatae kushika, ongeza moto kidogo tu, zamisha kwenye mafuta ya kula ya vuguvugu SIO maji, mi cha kwanza nilitumbukiza kwenye ndoo nikasikia “tii”, ufa toka makali hadi mgongoni. Tupa ikiteleza kama kwenye kioo kimekaza. Fasta weka oveni nyuzi 200, saa nzima mara 2.

Mpini mi napenda mpingo, ila vumbi lake linawasha, vaa barakoa.